Kamera Inayopokea Amri: Sura na Kadi za Watu wa Uvira tangu 2005

UVIRA, Kivu ya Kusini. Mwaka 2005, katika vituo vya kuandikisha wapiga kura vya Congo nzima, Uvira na uwanda wa Ruzizi ukiwemo, raia alikalishwa kwenye kiti na kupigwa picha na mtu ambaye hakushika kamera. Kamera ilikuwa mezani au kwenye mguu wake, imeungwa kwa waya kwenye kompyuta. Karani alikuwa anaangalia kioo cha kompyuta. Aliandika jina, jina la baba, jina la mama, mahali pa asili, halafu akabonyeza. Picha ikaingia yenyewe. Kisha vidole vikawekwa kwenye kioo kidogo, mashini ya kuchapa ikatoa karatasi, karatasi ikafunikwa plastiki kwa moto, na raia akaondoka na kadi mkononi siku hiyo hiyo.

Kwa watu wazima wengi wa pande hizi, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kupewa na serikali karatasi yenye sura yao tangu enzi za Zaire. Kwa vijana waliozaliwa miaka ya 1980 ilikuwa mara ya kwanza kabisa. Ndiyo maana kadi ile, iliyotengenezwa kwa ajili ya kura tu, ikageuka kuwa kila kitu: ya kupita kwenye barriere, ya kupokea pesa kwa simu, ya kuandikisha mtoto, ya kuthibitisha kwamba mtu ni Mkongomani. Mpaka leo, mtu akiulizwa karte yake Mulongwe au Kavimvira, hiyo ndiyo anayoitafuta mfukoni.

Historia ya kadi hiyo imesimuliwa mara nyingi upande wa siasa. Upande wa kamera haujasimuliwa sana, ingawa ndani yake mna jambo linalowagusa moja kwa moja wale waliopoteza karatasi zao kwa maji au kwa vita: picha yao ilipopigwa, ilikwenda wapi, na nani anayeweza kuiita irudi.

Kabla ya waya

Zamani kazi ya picha ya kitambulisho ilikuwa ya mpiga picha wa mjini. Mtu alikwenda studio, akakaa mbele ya kitambaa, akaambiwa asitingishike. Baada ya siku kadhaa alirudi kuchukua picha ndogo nne. Moja ilibandikwa kwa gundi kwenye karatasi, ofisa akapiga muhuri nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi, ili mtu mwingine asiweze kuibandua na kuweka ya kwake. Picha tatu zilizobaki zilikuwa mali ya mwenyewe. Filamu ilibaki studio. Kwa hiyo mtu akipoteza kitambulisho alikuwa bado na njia mbili za kuipata sura yake: picha zake za akiba, na filamu ya mpiga picha.

Njia zote mbili zilikatika. Zaire ilifanya hesabu yake ya mwisho ya watu wote mwezi wa Julai 1984, na tangu hapo nchi haijahesabu tena. Vitambulisho vya enzi hizo vilichakaa mikononi mwa wenyewe. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vya AFDL vilianzia huku kwetu kabla ya kufika Kinshasa. Watu wa Uvira na Fizi walipanda mitumbwi na kuvuka ziwa kwenda Kigoma, na mwaka huo huo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa upande wa Tanzania. Vita vya pili vikaanza Agosti 1998. Nyumba zilichomwa, ofisi za komine na za vikundi ziliporwa, na daftari za kuandikia watoto wanaozaliwa zikapotea pamoja na madirisha na mabati. Studio za picha hazikuwa na kinga yoyote. Filamu inaungua haraka kuliko mbao.

Hivyo tume ya uchaguzi ya wakati ule, CEI, iliyoongozwa na Padri Apollinaire Malu Malu, ilipoanza kuandikisha watu mwezi wa Juni 2005, ilikuta taifa ambalo wengi wao hawana karatasi yoyote. Sheria ya uraia ilikuwa imepitishwa Novemba 2004 tu. Mtu asiye na karatasi aliweza kuandikishwa kwa ushahidi wa watu waliomjua. Yaani neno la majirani liliingia upande mmoja wa meza, na upande wa pili ikatoka kadi yenye picha. Hakuna mashini nyingine Congo iliyowahi kufanya kazi ya namna hiyo kwa watu wengi kiasi hicho.

Jinsi kamera ilivyofundishwa kutii

Mambo hayo yaliwezekana kwa sababu ya kazi iliyofanywa mbali na hapa, na ambayo haikuwa na haja yoyote na uchaguzi.

Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith, wa maabara ya Bell huko Marekani, walibuni kipande kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme unaoweza kuhesabiwa. Miaka 40 baadaye, 2009, walipewa tuzo ya Nobel. Desemba 1975 injinia wa Kodak aitwaye Steven Sasson alitumia kipande cha aina hiyo kutengeneza kamera isiyo na filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, iliandika picha kwenye kaseti kwa sekunde 23, na picha yenyewe ilikuwa ya nukta 100 kwa 100, hata uso wa mtu unautambua kwa shida. Lakini kitu kikubwa kilikuwa kimekwisha kutokea. Picha ilikuwa imekuwa hesabu, na hesabu inaweza kupita kwenye waya.

Kamera za kununuliwa dukani zilifuata miaka ya 1990. Apple ilitoa QuickTake 100 mwaka 1994. Ilibeba picha nane tu za ukubwa wa kawaida, halafu ilibidi iungwe kwenye kompyuta kuzimwaga. Waya wa siku hizo ulikuwa wa polepole: picha ya kilobaiti 100 ilichukua karibu sekunde 9 hata kwa mwendo wa juu kabisa. Na kulikuwa na shida kubwa kuliko mwendo. Kila kampuni iliipa kamera yake lugha yake ya siri. Kompyuta iliyojua kusema na Kodak haikujua kusema na Olympus. Mnunuzi alipewa diski ya programu ya kampuni ile tu, na kompyuta yake ikiwa ya aina nyingine, kamera ilibaki pambo.

Watu waliokuwa wakitumia programu za bure, hasa Linux, hawakupewa hata diski. Wakaanza kuchungulia wenyewe ni maneno gani yanayopita kwenye waya, na kuyajibu. Eugene Crosser aliandika photopc, programu ndogo isiyo na picha wala vitufe: mtu anaandika amri kwa maneno, kamera inafanya. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1990 Scott Fritzinger akaanzisha gPhoto, na wengine wakaungana naye kutoka nchi mbalimbali. Toleo lake la pili, gphoto2, linatumika mpaka leo, na maktaba yake inajua kusema na kamera za aina zaidi ya 2,500.

Mwaka 2000 watengenezaji wa kamera wenyewe walikubaliana juu ya lugha moja ya pamoja, iitwayo PTP, na mwaka 2005 shirika la viwango la kimataifa likaipitisha kwa namba ISO 15740. Mtu wa Uvira hahitaji maelezo marefu hapa. Sokoni kwetu Mfuliiru, Mvira, Mbembe, Mrundi na Mshi kila mmoja ana lugha ya kwao, na wote wanauziana samaki kwa Kiswahili. PTP ni Kiswahili cha kamera. Kila kampuni ilibaki na maneno yake ya pembeni, lakini maneno ya lazima yakawa ya wote.

Na maneno yenyewe ni namba. Kompyuta inapoamka na kuona kamera kwenye waya, inatuma 1001, maana yake: jitambulishe, wewe ni nani na unajua nini. Halafu 1002: tufungue mazungumzo. Ikitaka picha inatuma 100E: piga. Kamera inapiga, kisha yenyewe inaita 4002: kimeongezeka kitu kipya. Kompyuta inajibu 1009: nipe. Kila amri ikipokelewa vizuri kamera inarudisha 2001, yaani ndiyo. Hakuna kidole kilichogusa kamera. Mtu anayeamuru anaweza kuwa chumba cha pili, au programu inaweza kuamuru yenyewe kila saa moja bila mtu yeyote kuwepo.

Hilo la mwisho ndilo lililobadilisha kazi ya kuandikisha watu. Kitambulisho cha zamani kilihitaji mikono mitatu: ya mpiga picha, ya mwandishi, na ya mbandika picha. Katika kila hatua picha iliweza kubadilishwa na ya mtu mwingine. Kamera ikishikwa na programu ile ile inayoandika jina na kupokea alama za vidole, picha haiachani na jina hata dakika moja. Inazaliwa ndani ya faili la mtu.

Masanduku elfu kumi

Kampuni ya Zetes ya Ubelgiji ilileta Congo masanduku yapatayo 10,000 ya kuandikishia. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na kompyuta ya kubeba, kamera, kisoma vidole na mashini ya kuchapa, na umeme ulitoka kwenye betri au jenereta, kwa sababu sehemu kubwa ya nchi haina umeme. Yalisafirishwa kwa ndege, kwa malori, kwa mitumbwi na kichwani. Mwishoni wapiga kura zaidi ya milioni 25 walikuwa wameandikishwa, katika nchi isiyo na barabara. Hata wale waliokuwa na kinyongo na uchaguzi wenyewe walikubali kwamba kazi ile ya masanduku ilikuwa kubwa. Kura ya maoni juu ya katiba ilifanyika Desemba 2005, na uchaguzi ukafuata Julai na Oktoba 2006.

Nchi jirani zilipita njia hiyo hiyo baadaye. Kenya ilinunua masanduku 15,000 mwaka 2012 na kuandikisha watu zaidi ya milioni 14 kwa siku 30. Tanzania ilitumia masanduku 8,000 mwaka 2015, ikaandikisha zaidi ya milioni 23. Tofauti yao na Congo ni hii: Mkenya akipoteza kadi ya kura bado ana kitambulisho cha taifa. Mkongomani hana. Kwake kadi ya kura na kitambulisho ni karatasi moja.

Ofisi ya taifa ya kutambulisha wakaaji, ONIP, iliundwa 2011. Juni 30, 2023 Rais Tshisekedi alionyesha hadharani kadi ya kwanza ya taifa, na mwaka uliofuata mkataba na kampuni zilizopaswa kuzitengeneza ukavunjwa. Kadi ya uchaguzi ikaendelea kubeba mzigo.

Na mzigo huo inaubeba vibaya. Kila uchaguzi mkubwa watu wanaandikishwa upya na masanduku mapya: kwa uchaguzi wa 2011 walikuwa milioni 32, kwa ule wa 2018 wakawa milioni 40, kwa ule wa 2023 karibu milioni 44. Katika zamu ya mwisho Kivu ya Kusini ilikuwa kwenye kundi la tatu, lililoanza Februari 16, 2023. Miezi michache baadaye malalamiko yakasikika nchi nzima: maandishi yanafutika, sura inayeyuka, kadi inabaki nyeupe kama karatasi ya duka. Kamera ilitii, faili likahifadhiwa, na wino ukashindwa. Raia anabaki na plastiki tupu, na sura yake iko salama mahali asipoweza kufika.

Maji na mbio

Hapo ndipo mambo yanapowagusa waliohama.

Usiku wa Aprili 16 kuamkia 17, 2020, mvua kubwa ilinyesha milimani juu ya Uvira. Mito ya Mulongwe na Kavimvira na vijito vingine ikaacha njia yake, ikaingia nyumbani kwa watu. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba yakabomoka. Halafu ziwa lenyewe likapanda na kumeza barabara na viwanja vya kando, upande wa Kongo na upande wa Burundi pia. Mtu aliyetoka nyumbani usiku ule na mtoto mgongoni hakurudi kuchukua bahasha ya karatasi. Desemba 2025, vita vilipofika Uvira yenyewe, makumi ya maelfu walivuka kuelekea Burundi, na wengi wao walikuwa wamekwisha kukimbia mara moja au mbili kabla ya hapo.

Kwa aliyepoteza kadi kuna karatasi ya kuthibitisha upotevu, inayotolewa komine, na kuna kadi ya pili inayotolewa na CENI inapofungua kazi hiyo. Katika njia hizo mbili ipo tofauti ambayo watu wengi hawaielezwi. Karatasi ya upotevu inaandikwa kwa maneno ya mwenyewe. Kadi ya pili inatoka kwenye faili: karani anatafuta jina au namba, na picha ile ile ya siku ya kuandikishwa inarudi kwenye kioo. Kwa hiyo kwa mtu aliyepoteza kila kitu, namba ya kadi ina thamani karibu sawa na kadi yenyewe. Aliyeinakili kwenye daftari la mtoto, au aliyeipiga kadi picha kwa simu na kuituma kwa ndugu wa Bujumbura au Kigoma, ana pa kuanzia. Asiye nayo anategemea herufi za jina lake ziwe ziliandikwa sawa siku ile, na majina yetu huku yanaandikwa kwa namna nyingi.

Upande wa wakimbizi kamera za amri ziliingia pia. HCR ilianza kutumia programu yake ya kuandikisha, proGres, kuanzia 2004. Mwishoni mwa 2013 ilijaribu mfumo wa vidole na mboni za macho katika kambi ya Dzaleka, Malawi, ambako Wakongomani ni wengi, na kuanzia 2015 ikaueneza katika nchi nyingine. Mwaka huo huo wa 2015 Warundi walianza kuingia kwetu kupitia Kavimvira, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa katika eneo la Fizi. Kwa hiyo katika pwani moja ya ziwa kuna watu walioandikwa mara nyingi na mashini mbalimbali: mara kama wapiga kura, mara kama wahitaji wa chakula, mara kama wakimbizi wa nchi jirani. Mashini hizo hazisomani.

Wapo wanaosema heri zisisomane. Wana hoja. Mwezi wa Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba habari za Warohingya zilizokusanywa kambini Bangladesh zilifika mikononi mwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia, na wengi wao hawakuwa wameelezwa wakaelewa. Mji ukibadilisha mikono, sanduku la kompyuta linaweza kubadilisha mikono pia. Picha ya mtu pamoja na jina la baba yake na kijiji chake cha asili ni habari nzito katika nchi ambayo watu wameuawa kwa sababu ya asili yao. Mtu anayeulizwa vidole na macho ana haki ya kuuliza faili linakwenda wapi, na karani anayejibu kwa hasira hajui kazi yake.

Picha iliyosimama mahakamani

Jimbo letu lina mfano mwingine wa kamera inayoshikwa na programu, na huu uliishia kwa hukumu.

Mwaka 2012 wapiganaji wa FDLR waliua raia katika vijiji vya Kamananga na Lumenje, eneo la Kalehe. Mawakili waliokuwa wakiwatetea wahanga walipokwenda kukusanya ushahidi miaka kadhaa baadaye, walitumia programu ya simu iitwayo eyeWitness to Atrocities, iliyotolewa 2015 na chama cha kimataifa cha mawakili, huku wakisaidiwa na mashirika ya TRIAL International na WITNESS. Kwa macho ni simu ya kawaida. Tofauti ni kwamba picha haipigwi na kamera ya simu inavyotaka mtu. Inapigwa na programu, ambayo katika sekunde ile ile inaandika mahali, saa, na minara ya simu iliyo karibu, halafu inakokotoa alama ya namba kutokana na picha yenyewe. Nukta moja ya picha ikibadilishwa, alama haifanani tena. Aliyepiga hawezi kuirekebisha. Nakala inatumwa kwenye ghala ambalo mawakili wenyewe hawawezi kulichezea.

Septemba 2018 mahakama ya kijeshi huko Bukavu iliwahukumu makamanda wawili kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Picha za makovu na za makaburi zilikuwa kati ya ushahidi uliopokelewa. Mashahidi waliosimama na kusema ndio waliobeba kesi, hilo lisisahaulike. Lakini utetezi hauwezi kusema picha ilitoka mahali pengine wakati picha inakuja na mahali pake.

Upande wa raia mwenye kompyuta

Mpaka hapa amri zote zimetoka kwa tume, shirika au wakili. Ila gphoto2 ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta ya zamani ambayo wengine wangeitupa, na haihitaji intaneti ikishawekwa. Kijana wa Uvira mwenye kamera ya mtumba na waya wake anaweza kufungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika gphoto2 --auto-detect, na kuona jina la kamera yake likitokea. Akiandika gphoto2 --capture-image-and-download, kamera inayokubali amri hiyo inalia na picha inatua ndani ya kompyuta. Hata kamera ambayo kioo chake cha nyuma kimepasuka, ile ambayo sokoni inauzwa kwa bei ya kutupwa, inaweza kutii amri hizo, kwa kuwa kioo hakina kazi tena.

Kuna kazi mbili ambazo njia hii inazifaa kuliko kubonyeza kwa kidole. Ya kwanza ni kunakili picha za familia. Picha ya karatasi iliyoloa maji ya mafuriko haifai kusuguliwa wala kupitishwa kwenye mashini ya fotokopi. Inalazwa mezani, kamera inafungwa juu yake ikitazama chini, taa mbili zinawekwa pembeni kushoto na kulia ili isiwe na mng'ao, na amri inatolewa kwenye kompyuta. Kamera haitingishiki kwa sababu hakuna anayeigusa. Picha mia moja zinanakiliwa kwa alasiri moja. Picha zilizobandikana zisibanduliwe zikiwa kavu. Zilowekwe kwanza katika maji safi baridi mpaka ziachiane zenyewe, halafu zikaushwe kwenye kivuli uso ukitazama juu.

Ya pili ni kuangalia mto. Amri moja, gphoto2 --interval 600 --frames 72 --capture-image-and-download, inapiga picha kila dakika 10 kwa saa 12. Kamera ikitazama nguzo ya daraja iliyopakwa rangi kwa mistari, mchana wa mvua unaacha mfululizo unaoonyesha maji yalipanda saa ngapi na kwa kasi gani. Usiku ndipo taa inapohitajika, na umeme wa SNEL haujulikani utakuja lini, kwa hiyo betri ya sola inalala hapo pamoja na kompyuta. Kuibiwa nako kupo. Nyumba yenye dirisha linalotazama mto ni bora kuliko sanduku darajani.

Kwa kazi zote mbili jambo linalosahaulika zaidi ni saa ya kamera. Kamera za mtumba zinafika na saa ya Dubai au ya Ulaya, na betri ndogo ya ndani ikifa zinarudi kwenye tarehe ya kiwandani, hivyo picha ya mafuriko inaandikwa mwaka ambao hata daraja halikuwepo. Uvira na Bujumbura zina saa moja. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, Kigoma iko mbele kwa saa moja. Familia iliyogawanyika pande tatu za ziwa, kila upande na simu yake, ikija kukusanya picha za siku moja itakuta zimepangika ovyo: boti inafika Kigoma saa nzima mbele ya saa halisi, na picha ya kuondoka Kalundu iliyopigwa kwa simu iliyobaki na saa ya Kinshasa inajiweka saa nzima nyuma. Inatosha kuandika kando ya kila faili imepigwa kwa saa ya wapi, kabla aliyeipiga hajasahau.